Hivi TBC ni yetu au ni ya serikali?

Swali: Salaam mhariri. Mimi nimekulia na RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam) nyumbani, redio ya mkulima, mpaka leo nafungua TBC Taifa, redio ya Shirika la Utangazaji Tanzania. Ila taarifa ya habari siku hizi, rais kafanya hivi, waziri kasema vile, mkuu wa mkoa kazindua hiki, michezo, kwaheri. Kijana wangu ananicheka eti baba hiyo sio redio ya taifa hiyo ni ya serikali. Kwani kuna tofauti? Si zote kodi zetu? – Msomaji, Morogoro

Jibu: Shikamoo mzee. Kijana hajakosea sana ila na wewe hujakosea. Shida sio kodi, shida ni hiyo hela inapita mkono wa nani mpaka ifike studio, na bosi wa pale kawekwa na nani. Uingereza nyumba zinazotazama TV laivu zinalipa ada ya leseni ya kuendesha BBC, na bado wanavutana na serikali yao kila siku manake kiwango cha ada inapanga serikali. Sasa sisi hela ni ruzuku ya serikali jumlisha matangazo ya biashara, mkurugenzi mkuu anateuliwa na rais. Ebu jiweke wewe ndo mhariri wa zamu, saa moja na nusu usiku, mezani una habari mbili, waziri kazindua kisima na kijiji cha pili yake kisima kimekauka mwezi wa tatu huu. Unaanza na ipi? Hakuna aliyekupigia simu wala kukutisha lakini jibu unalo.

Na haikuanza jana. Mkoloni aliacha shirika, mwaka 1956 waliunda Tanganyika Broadcasting Corporation kwa kuiga BBC, 1965 serikali ikalivunja ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam chini ya wizara, na hakuna aliyeficha kwamba kazi ya redio ni kujenga taifa. Shirika likarudi miaka ya 2007 na 2008, TBC hii ya sasa, akaletwa Tido Mhando kutoka BBC Swahili awe mkurugenzi mkuu. Uchaguzi wa 2010 wakarusha Mchakato Majimboni, wagombea ubunge wanasimama mbele ya wapiga kura wao wanaulizwa maji, barabara, hela za jimbo zimeenda wapi, watu wakaipenda kweli, chama tawala CCM kikawakataza wagombea wake wasishiriki midahalo. Desemba mkataba wa Tido ukaisha, haukuongezwa. Halafu Januari 2016 waziri wa habari wa wakati ule, Nape Nnauye, akatangaza TBC inaacha kurusha Bunge laivu, sababu gharama. Mimi kwenye gharama sikatai, kurusha Bunge siku nzima ni hela, ila ukiniambia cha kupunguza kwanza ni kile kinachomwonyesha mbunge wangu akiwa kazini, hapo tunaachana.

Swali: Kama ndo hivyo si ifungwe tu? Redio binafsi ziko kibao. – Dada wa Mwanza

Jibu: Taratibu dada! Redio binafsi zinafuata tangazo, na tangazo linafuata mwenye hela ya kununua soda na bando. Hajakosea mtu hapo, ni biashara. Ila nani angewalipia Mtu ni Afya, ile kampeni ya afya ya redioni? Mwaka 1973 watu kama milioni 2 walikaa kwenye vikundi vijijini, wiki 12, wanasikiliza kipindi redioni halafu wanajadiliana, wakimaliza wanachukua majembe wanachimba vyoo. Chini ya redio moja.

Muziki nao. Bendi nyingi hazikuwa na pa kurekodi zaidi ya studio ya RTD, hizi zilipendwa mnazocheza harusini nyingi zilitokea pale. Na zile ngoma za taarifa ya habari ni za mzee Morris Nyunyusa, kipofu, ngoma anapiga nyingi peke yake, ukizisikia tu hata mtoto anajua nyamazeni habari.

Mi nyumbani babu alikua anaanika betri juu ya bati mchana ili jioni zivute kidogo, na sio kwa ajili ya waziri, ni matangazo ya vifo. "Habari ziwafikie..." halafu yanafuata majina, fulani wa Kigoma, fulani wa Songea, na kuna siku jina lilikua la kwetu, tulijua msiba kwa redio kabla ya barua, bibi akaweka sufuria chini. Ni Kiswahili hicho hicho nchi nzima, Msukuma na Mmakonde wanapata habari dakika moja. Kwahiyo kufunga hapana. Kubadilisha anayemteua bosi, hata kesho.

Swali: Kwanini kila mapinduzi wanajeshi wanakimbilia redio? – Msomaji, Mombasa

Jibu: Kwasababu ikulu huwezi kuionyesha kwa kila mtu, redio kila mtu anayo. Zanzibar Januari 1964 watu walimjua John Okello, aliyeongoza mapinduzi, kwa sauti yake redioni kwanza. Kenya tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi wa anga walimfuata mtangazaji Leonard Mambo Mbotela nyumbani wakampeleka Sauti ya Kenya asome kwamba serikali imepinduliwa, bunduki ziko pembeni. Siku hiyo hiyo jeshi lililobaki na rais Moi likaikomboa stesheni, sasa wananchi watamwamini nani? Wakamweka Mbotela yule yule kwenye maiki, asome kwamba serikali ya Nyayo, yaani ya Moi, ipo.