Mwenzangu Kanuna Nilipomwita Mromania

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mimi ni binti wa Kidigo kutoka Lungalunga, nasoma Debrecen, Hungaria. Chumbani nakaa na msichana mzaliwa wa Miercurea Ciuc, Romania. Kitambulisho chake ni cha Romania, lakini akipigiwa simu na mamake ni Kihungaria kitupu. Juzi nilimtambulisha kwa Wakenya wenzangu: "Huyu ni Mromania." Siku mbili hakunisemesha. Wiki hiyohiyo muuza duka alimsifu kwamba, kwa mtu wa Romania, Kihungaria chake ni kizuri. Akatoka machozi yakimlengalenga. Nimemkosea nini, na nimwiteje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kosa lako nalijua, kwa sababu nami nililifanya. Nilisomea kilimo Cluj, Romania, kuanzia 1982. Karibu na bweni palikuwa na fundi cherehani, bibi wa miaka sabini. Alinipima suruali huku akihesabu sentimita kwa sauti ya chini, kwa lugha nisiyoijua, kisha akanitajia bei kwa Kiromania. Nikamuuliza, iweje Mromania ahesabu kwa lugha ya watu? Akauweka utepe mezani. Akaniambia alizaliwa mtaa uleule, mwaka 1912, mji ukiitwa Kolozsvár na ukiwa chini ya Hungaria. Mkataba wa Trianon wa tarehe 4 Juni 1920 ukathibitisha kwamba Transilvania, eneo lenye mji huo, ni ya Romania. Mwaka 1940 mji ukarudi Hungaria, na vita vilipokwisha ukawa tena wa Romania. Serikali zote hizo zilimpitia mlangoni, naye hakuhama hata nyumba.

Mwenzako ni wa watu hao, Wahungaria waliojikuta nje ya mipaka ya Hungaria. Ndani ya Romania peke yake wapo kama milioni moja, na wengine wako Slovakia, Serbia na Ukraine. Miercurea Ciuc, mji wa mwenzako, kwa Kihungaria unaitwa Csíkszereda, na hapo Wahungaria ndio wengi. Jina hilo lina neno la Jumatano ndani yake, siku ya gulio, na Miercurea nayo ni Jumatano hiyohiyo kwa Kiromania. Mimi napenda sana jambo hilo: majirani wawili wanaogombania jina la mji, na wote wawili wanaita siku ileile ya soko.

Nisije nikakupa upande mmoja tu. Waromania ndio wengi Transilvania, na walikuwa wengi hata Hungaria ilipoitawala. Wakati huo lugha yao ndiyo iliyobanwa, na sheria ya elimu ya 1907 iliwalazimisha watoto wao kusoma Kihungaria. Kwa hiyo Mromania anayeshtuka kusikia madai ya lugha naye ana kumbukumbu zake.

Lakini kilichomliza mwenzako dukani hakikutoka kwa Mromania. Kwao anajulikana kuwa Mhungaria tangu chekechea, akavuka mpaka akidhani anakwenda kwa ndugu, na ndugu wakamfanya mgeni. Kidonda hiki ni cha zamani. Tarehe 5 Desemba 2004 Hungaria ilipiga kura kama iwape uraia Wahungaria wa nje. Waliojitokeza walikuwa wachache mno, kura haikupita, na ng'ambo ya mpaka watu walihisi wamefungiwa mlango. Bunge lilibadilisha sheria mwaka 2010, na zaidi ya watu milioni moja wamekwisha kuchukua uraia huo. Pasipoti wamepata, kule dukani bado wanaulizwa wamejifunzia wapi lugha. Wewe mtu wa Lungalunga utanielewa: ukivuka Horohoro unakuta Wadigo wenye vitambulisho vya Tanzania, wala hakuna anayewapongeza kwa kujua Kidigo.

Halafu Kihungaria chao kina ladha yake. Yule bibi aliniwekea bakuli la supu, akaninyooshea kijiko kimoja kimoja: kiazi akakiita pityóka, karoti akaiita murok. Miaka mingi baadaye nilifika Budapest nikaomba murok sokoni kwa fahari yangu yote. Mama muuzaji akaniangalia, akanirekebisha: sárgarépa. Maneno ya bibi si mabovu. Ni ya kwao, na mwenzako huenda ameanza kuyameza ili asichekwe. Usimwache ayameze. Mwombe akupikie, na kila kitu akitaje kama kinavyotajwa jikoni kwa mamake.

Ukimtambulisha tena, sema ni Mhungaria wa Transilvania. Wao husema erdélyi magyar. Watu wa upande wake wengi hujiita székely, kwa hiyo muulize kwanza yeye anapenda lipi, maana jina ni lake. Na leo jioni, kabla ya kuulizana lolote, mwambie bocsánat, yaani samahani. Hiyo "cs" itamke kama "ch" yetu.