Kabla hujauza shamba ili mtoto aende chuo

Mwaka 2014 baba yangu aliuza nusu ekari ya kahawa kule Mbinga ili mimi nikaripoti chuoni Dar es Salaam. Aliyeinunua anavuna mpaka leo, na kila nikienda likizo napita kando ya ile mibuni nikitokea stendi. Nawaandikia wadogo zangu mliomaliza kidato cha sita, pamoja na wazazi wenu, kwa sababu huenda shamba lile lisingeuzwa kama tungejua mambo mawili matatu.

Bodi ya Mikopo ilinipa fedha ya chakula na malazi, lakini kwenye ada nikapata sehemu ndogo. Tulipoona ile asilimia tukadhani ndiyo mwisho. Hatukujua kama kuna rufaa. Halafu kosa lilianzia kwetu wenyewe: mama alikwishafariki, lakini cheti chake cha kifo hatukuwa tumekifuatilia, kwa hiyo kwenye maombi sikuambatanisha chochote. Kwenye karatasi nilionekana mtoto mwenye wazazi wote wawili. Karatasi moja tu, na nusu ekari ikaenda.

Kwa hiyo cha kwanza, vyeti. Siku hizi cheti cha kuzaliwa na cha kifo vinahakikiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kabla ya kuomba mkopo. Anzeni mapema, msingoje matokeo yatoke. Hakikisheni majina yanafanana kila mahali, maana herufi moja inaweza kukusumbua wiki nzima. Na ukipangiwa kidogo huku una ushahidi wa hali ya nyumbani, kata rufaa dirisha likifunguliwa. Mzazi akilazimika kuuza kitu, auze mavuno au mnyama. Shamba linalozaa liwe la mwisho kabisa.

Cha pili, ada siyo gharama yote. Sisi tulipiga hesabu ya ada na nauli, basi. Wakati ule boom, yaani ile fedha ya chakula na malazi ya Bodi, lilikuwa shilingi 7,500 kwa siku (baadaye likapanda hadi 10,000), lakini haliji siku unayoshuka kwenye basi. Mpaka usajiliwe, majina yatoke, usaini. Wiki zangu za mwanzo nilibebwa na dada mmoja wa mwaka wa pili, tukilala wawili kwenye kitanda cha futi tatu, mmoja kichwa huku mwingine kule. Asubuhi nilikunywa chai ya rangi, mchana nikajifanya nimeshakula. Dada yule hakunidai hata senti, Mungu ambariki. Wewe usitegemee bahati kama hiyo. Ondoka nyumbani na fedha ya kula mwezi mzima, ya godoro, na ya fotokopi, ambazo haziishi.

Sasa kozi. Hapa ndipo penye gharama kubwa, ingawa haiandikwi kwenye fomu yoyote. Nilichukua ualimu, Historia na Kiswahili, kwa sababu ndiyo niliyofaulu na ndiyo niliyoipenda. Rafiki yangu wa chumba kimoja alichukua Hisabati na Fizikia. Tulihitimu pamoja 2017, mwaka ambao serikali iliporudi kuajiri ilianza na walimu wa sayansi na hisabati. Yeye hakukaa mtaani muda mrefu. Mimi nilikaa miaka mitatu, nikifundisha tuisheni na kuchapa kazi za watu steshenari. Ada yetu ilikuwa ileile. Kabla hujajaza machaguo, watafute watu watatu waliohitimu kozi hiyo miaka mitatu iliyopita, uwaulize wako wapi na walifikaje. Usimuulize mwalimu wako peke yake, kwa sababu yeye alipata kazi enzi nyingine.

Miaka hiyo mitatu deni nalo halikulala. Kulikuwa na tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kwa mwaka. Nilichukua milioni 9 na kidogo, na nilipoomba taarifa ya deni nikakuta limeshapita milioni 11. Nilikaa na ile karatasi mapajani, nikajumlisha upya mara mbili. Tozo hiyo ilifutwa 2021, nanyi mshukuru. Ila makato bado ni asilimia 15 ya mshahara, tangu sheria ibadilishwe 2016. Kabla ya hapo yalikuwa 8. Nilipoajiriwa mwisho wa 2020 mshahara wangu ulikuwa 716,000. Mkopo ulikata 107,400 kabla sijaugusa. Weka hapo kodi, mfuko wa pensheni, bima ya afya na chama cha walimu, mkononi zikabaki laki 4 na 80 hivi. Piga hesabu hiyo ukiwa bado nyumbani, siyo siku ya kwanza ya mshahara mbele ya ATM.

Je, ilistahili? Kwangu ndiyo, na nasema kwa moyo wote. Bila digrii ile nisingeipata nafasi hii, na darasa langu la kidato cha tatu silibadilishi na kitu. Mwaka juzi nilimsomea baba makaratasi ya chama cha ushirika cha kahawa, mstari kwa mstari, akaelewa kila shilingi iliyokatwa kwenye kilo zake. Alinyamaza, kisha akasema, "Soma tena pale."

Mwaka huu mdogo wetu wa mwisho amemaliza kidato cha sita. Safari hii cheti cha kifo cha mama kimeshahakikiwa, na tuna daftari lenye mistari: ada, chumba, chakula cha mwezi wa kwanza, mafunzo kwa vitendo. Mstari wa chumba bado hatujaujaza, tunaulizia. Baba alianza kutaja ekari iliyobaki. Nikamwambia, "Baba, hiyo haiguswi."