Mwaka ule haukuniomba ruhusa

Mmeuliza wiki hii: kijana akishapata diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, apumzike mwaka mmoja kabla ya kuomba nafasi chuo kikuu? Nimesoma swali mara mbili, nikacheka peke yangu. Kupumzika! Hapa Goma mimi ningeuliza kwanza nani ameamua huo mwaka: mtoto, mzazi, au mlima.

Wangu uliamuliwa na mlima. Nilimaliza sekondari 2002. Tarehe 17 Januari mwaka huo lava ya Nyiragongo, volkano yetu, ilikuwa imeshapita katikati ya mji hadi ziwani, na duka la baba likabaki chini ya mawe pamoja na minervali yangu, yaani karo. Wenzangu wenye wajomba Bukavu au Kampala walienda kujiandikisha. Mimi nikakodiwa chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo.

Asiyeijua akaangalie ile sanamu ya dhahabu hapa mjini, ingawa ile haijawahi kubeba kitu. Yangu ilikuwa ya mikaratusi, nzito hata ikiwa tupu. Tuliisukuma usiku kupanda Kibumba, tukapakia kabichi, alfajiri tukateremka kuelekea soko la Virunga. Goti moja juu ya kipande cha ndala kilichopigiliwa kwenye ubao, mguu mwingine nje. Breki ni kipande cha tairi unachokikandamiza kwa kisigino kwenye gurudumu la nyuma. Siku moja, tukikaribia Kibati, mvua imenyesha, kile kipande kikachomoka. Mbele kulikuwa na kina mama wamebeba makaa. Nikageuza usukani kwenye mawe. Kabichi zikatawanyika barabara nzima. Nikiwa naziokota, goti linavuja damu, gari lililotoka njia ya Bunagana likasimama. Akashuka mwenzangu wa darasa la sita la sekondari, anarudi likizo kutoka Kampala, shati jeupe. Aliniita kwa jina la utani la shuleni. Akaokota kabichi tatu, akanikabidhi moja moja, akarudi ndani ya gari. Niliteremka na kabichi 60, nikafikisha sokoni 41. Hesabu hiyo naikumbuka kuliko alama zangu za mtihani.

Kwa hiyo mtu asiniambie mwaka ule ulinifunza maisha. Ulinifunza kufunga kamba. Tena ulizaa mwaka wa pili, maana nyumba ikishazoea pesa yako haikuachi uende.

Nilipoanza kuandika, jibu langu lilikuwa hapana. Ninalo binti aliyepata diploma, anataka kusimama mwaka mmoja ashone nguo kwa shangazi yake, kisha aombe. Nilishamkatalia mara mbili mezani. Lakini tangu benki za hapa zifungwe mwanzoni mwa 2025, kile nilichomwekea sijakiona, na nashuku amesoma daftari langu la madeni. Sijui tena kama ni yeye anayetaka kungoja, au ni mimi ninayemshukuru kwa kutaka.

Haya, asimame. Sisemi watoto wote wafanye hivyo. Mwenye minervali mkononi amwandikishe wake kesho asubuhi. Wangu akusanye kwanza karatasi zake zote, buletini (ripoti za alama) za miaka ya mwisho pia, maana baadaye kuzifuatilia ni safari nyingine. Na pesa ya cherehani isiguswe kwa kodi ya nyumba wala kwa kilio, hata nikiiomba mimi. Hasa nikiiomba mimi.