Kistari si sifuri

SWALI: Shikamoo mzee. Natafuta miaka ya ukame Ugogo tangu enzi za Mwingereza. Nimepata nakala za ripoti za wilaya, na kila penye neno "njaa" naandika ukame. Mwenzangu anasema nakosea. Ni kweli? — Msomaji, Kongwa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwenzako yuko sawa, ila usitupe uliyokwisha andika. Chukua Mtunya, ile njaa ya 1917 hadi 1920 ambayo Wagogo wanaijua kwa jina mpaka leo. Mvua zilikatika kweli. Lakini majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalikuwa yameshachukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Ukiandika "ukame" ukaishia hapo, unamsingizia Mungu mambo ya vita.

Weka safu mbili, ya njaa na ya mvua. Hiyo ya mvua usiijaze mpaka upate shahidi anayeizungumzia mvua yenyewe: Bwana Shauri, yaani afisa wa serikali ya kikoloni wilayani, analalamika kwamba uwele umekauka ukiwa wa magotini, au wafugaji wamehama mapema kufuata maji. Mimi hupenda zaidi barua za kuombea watu msamaha wa kodi. Anayeomba serikali iache fedha zake hulazimika kutaja wapi na lini. Chumvi ataongeza, hilo lijue.

Ukibahatika kupata majedwali ya kipimamvua, ya zamani yako kwa inchi; zidisha kwa 25.4 upate milimita. Wala usijumlishe Januari hadi Desemba. Mvua za huko huanza Novemba au Desemba zikaishia Aprili, kwa hiyo kalenda inaukata msimu katikati. Jumlisha Julai hadi Juni.

Halafu chunga vistari. Niliwahi kunakili daftari la kituo kimoja, Februari nzima ni vistari vitupu, nami nikaingiza sifuri siku zote 28. Nikapata ukame wa kutisha, nikawatangazia na wenzangu. Wiki ya pili nafungua jalada jingine, nakutana na barua ya karani wa kituo kilekile: chupa ya kupimia ilivunjika mwishoni mwa Januari, anaomba nyingine. Chini yake ameongeza kwamba mzigo upitishwe njia ya juu, maana daraja limechukuliwa na mafuriko.