Plastiki ya juzi nayo ina akiolojia?
Eti plastiki ya juzi tu ina akiolojia gani? Ndugu, akiolojia sio lazima kitu kiwe cha miaka elfu, ni kuwasoma watu kupitia vitu walivyotupa au kupoteza, jalala lao yaani. Cheki meli ya Tokio Express, tarehe 13 Februari 1997 ilipigwa na wimbi karibu na Cornwall kule Uingereza ikaangusha makontena 62, moja lilikua na vipande vya Lego, vile vya plastiki vya watoto kuchezea na kuunganisha, karibu milioni 5, tena vingi vya mambo ya bahari (pweza, viatu vya kuogelea, we acha tu), na mpaka leo watu wanaviokota ufukweni. Sasa nitajie kigae gani cha chungu kinakupa mpaka tarehe kamili kilipozama