Wanakwepa kwa sababu wameona

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji wenu: kwa nini walimu hodari siku hizi wanakwepa ukuu wa shule, na nini kifanyike? Wengi watajibu kwamba vijana hawana wito. Wengine watasema posho haitoshi. Mimi nasema wanakwepa kwa sababu wameona. Wanakaa jengo moja na mwalimu mkuu, wanasikia simu anazopigiwa, wanamwona akirudi kutoka wilayani jioni hana la kusema, na wanajua kwamba jambo likiharibika hakuna atakayesimama naye.

Niliingia kazini mwaka 1984 nikitokea Chuo cha Ualimu Mpuguso, kule Rungwe. Nimekuwa mwalimu wa darasa, mwalimu wa taaluma, mwalimu mkuu msaidizi, kisha mwalimu mkuu, na utumishi wangu nikaumalizia nikiwa mratibu elimu kata, yaani yule ambaye siku hizi huitwa afisa elimu kata, hapa Mufindi. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonionyesha mengi, kwa sababu mratibu huingia katika ofisi zote za kata yake, na akiwa mtu wa kusikiliza huambiwa mambo ambayo hayaandikwi kwenye taarifa ya robo mwaka. Karibu kila mwalimu mkuu niliyemwona akivuliwa madaraka, ukifuatilia tatizo lake unalikuta limeanza wiki ya kwanza, siku ya makabidhiano.

Niieleze siku moja ya namna hiyo niliyoishuhudia, katika shule ambayo sitaitaja. Aliyeteuliwa alikuwa mwalimu wa Hisabati, dada wa miaka thelathini na kitu, ambaye wazazi wa vijiji vya jirani walikuwa wakihamisha watoto ili wafundishwe naye. Barua ilimfikia Ijumaa ikimtaka awe kwenye kituo kipya Jumatatu. Mwenzake aliyekuwa anaondoka alikuwa amehamishiwa wilaya nyingine, na gari la mizigo lilikuwa limeshapakiwa, linamngoja uani. Makabidhiano yakafanywa juu ya dawati, hata saa moja haikuisha. Alipewa rundo la funguo lililofungwa kwa uzi wa gunia, nusu yake haziingii kwenye kufuli yoyote ya shule ile. Alipewa muhuri, kitabu cha wageni, na leja ya stoo ambayo mara ya mwisho ilijazwa na mwalimu mkuu wa kabla ya huyo aliyekuwa anaondoka. Nikauliza habari ya madeni. "Hakuna deni la kutisha, Mama Mratibu," akanijibu yule bwana, akasaini, akapanda gari. Nilimshauri dada yule asisaini mpaka tuhesabu vitu. Simu ikapigwa kutoka wilayani: fomu inahitajika leo. Akasaini.

Wiki haijaisha, fundi wa madawati akaja na karatasi yake. Akafuata mwenye duka la vifaa vya ofisi, akafuata mama aliyekuwa akiwapikia watoto uji muhula uliopita na hajalipwa. Kwenye leja kulikuwa na majembe, mabati na vitabu ambavyo stoo haikuwa navyo. Wakaguzi wa ndani walipokuja miezi michache baadaye, kila pengo walilolikuta lilikuwa na sahihi yake chini. Akaandika barua ya kujieleza, kisha nyingine, kisha nyingine. Mwaka uliofuata akaomba kurudi darasani, akakubaliwa. Anafundisha Hisabati vizuri kama zamani, na ukimtajia ukuu wa shule anatikisa kichwa. Walimu vijana waliokuwa naye ofisini waliyashuhudia yote hayo, kuanzia lile rundo la funguo hadi barua ya mwisho. Ninyi mngewashangaa wakikataa uteuzi?

Zamani haikuwa pepo, nisije nikaeleweka vibaya. Walikuwapo walimu wakuu wakali kupita kiasi, na wapo walioshika shule kama shamba lao. Lakini ulikaa muda mrefu chini ya mkubwa wako. Ulimwona akizungumza na mzazi mwenye hasira, ulimwandikia orodha ya vifaa, ulikaa naye usiku wa kuamkia mtihani wa darasa la saba. Shule zikaja kuongezeka kwa kasi, kwanza kwa MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza 2002, halafu kwa sekondari za kata zilizofumuka kuanzia katikati ya muongo ule. Ongezeko hilo lilikuwa la haki; watoto wa vijijini walinyimwa sekondari kwa muda mrefu mno. Ila kila shule ilihitaji mkuu, na wakuu hawakuwapo wa kutosha walioiva. Mtu mwenye miaka miwili kazini akajikuta ana shule mikononi.

Kazi yenyewe nayo imebadilika. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi imehesabiwa shilingi 10,000 kwa mwaka, na katika hizo 4,000 hubaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu. Chukua shule ya watoto 300. Inabaki na shilingi 1,800,000 kwa mwaka, yaani 150,000 kwa mwezi, na ndani ya hizo kuna chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichovunjika, mpira wa UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, na nauli ya kwenda wilayani. Januari 2018, Rais Magufuli alipopiga marufuku michango shuleni, wazazi wengi walipumua, na ninawaelewa, maana michango mingine ilikuwa inaumiza. Lakini mlinzi aliyekuwa akilipwa kwa michango ile aliendelea kulinda, na mwisho wa mwezi aligonga mlango wa mwalimu mkuu. Ninawajua waliomlipa kutoka kwenye posho yao ya madaraka, ile shilingi 200,000 ya mwezi, ili wasije wakaamka na kukuta milango ya stoo imevunjwa.

Kisha ukaja ujenzi. Mwishoni mwa 2021 zilishuka fedha za mpango wa UVIKO-19: shilingi milioni 20 kwa kila darasa, madarasa 15,000 nchi nzima, na yote yawe tayari shule zikifunguliwa Januari. Nilizifurahia kwa moyo wangu wote. Nimewaona watoto waliokuwa wakibanana katika chumba kimoja wakiingia kwenye darasa jipya lenye madirisha ya vioo. Ila kwa utaratibu wa fosi akaunti, ambapo shule yenyewe hununua vifaa na kutafuta mafundi badala ya kumpa mkandarasi, mkuu wa shule ndiye aliyegeuka msimamizi wa ujenzi. Kamati zipo, ya ujenzi, ya manunuzi, ya mapokezi, na wajumbe wake ni wanakijiji wenye mashamba yao ya kupanda. Huku kwetu Desemba mvua imeshashika. Lori la mchanga linakwama mlimani, saruji na nondo zinapanda bei kwa sababu kila shule inanunua mwezi uleule, na fundi anahamia kwa anayelipa zaidi.

Usiku mmoja nilimkuta mkuu wa sekondari, mwalimu wa Historia kwa taaluma, akihesabu mifuko ya saruji kwa tochi ya simu. Amevaa koti zito na kofia ya sufu, miguu imejaa tope hadi magotini. Asubuhi ya siku hiyo mifuko kadhaa haikuonekana, na alikuwa ameamua kulala hapohapo, kwenye chumba kisicho na milango. Akaniuliza kama nondo za milimita 12 zinatosha kwenye linta. Mimi sikuwa na jibu la kumpa. Mhandisi wa halmashauri alikuwa na shule nyingi za kuzungukia, na simu yake usiku ule haikupatikana. Darasa lile lilikamilika, limesimama mpaka leo, na mwalimu yule anastahili heshima kubwa kuliko aliyowahi kupewa. Alichokipata ni hoja ya ukaguzi kwa sababu risiti mbili za mchanga hazikuwa za EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Mchanga ule ulichotwa mtoni na vijana wa kijiji. Mashine wangeitoa wapi?

Sitasema mengi kuhusu mifumo ya kompyuta, kwa sababu ninaamini ina faida. Usajili wa watoto uko kwenye PREM ya Baraza la Mitihani, fedha ziko kwenye FFARS, na utendaji wa kila mwalimu unaingizwa kwenye PEPMIS. Lakini mahali ambapo mtandao unashikika kilimani tu, mwalimu mkuu hupanda huko na kompyuta begani, na vipindi vyake siku hiyo hufundishwa na mwingine, au havifundishwi.

Na kijiji nacho kina yake. Msimu wa ulanzi, ukitaka mkutano wa wazazi uwe na maana, uite asubuhi. Vijana wa darasa la sita na la saba huvutwa na kazi za mbao na mashamba ya viazi, ambako wanalipwa jioni ileile. Wenzetu wa Mbarali wanapambana na watoto wanaokwenda kuamia ndege kwenye mpunga. Linaloniuma zaidi ni mabinti wanaochukuliwa kwenda mijini kufanya kazi za ndani kabla hawajamaliza shule. Mwalimu mkuu anapaswa kulifikisha jambo hilo kwa mtendaji, na akilifikisha, familia ile ndiyo jirani yake, ndiyo inayomuuzia mahindi, na mjomba wa binti ni mjumbe wa kamati ya shule. Nimeona mwalimu akinyimwa salamu kijiji kizima kwa kumrudisha mtoto mmoja darasani. Akiwa mwanamke ndiyo huambiwa maneno mazito zaidi, mpaka ya kuhojiwa ndoa yake, hasa kama mumewe anafanya kazi wilaya nyingine na yeye amepangiwa kituo cha mbali akiwa na mtoto mchanga.

Nyanda zetu za Juu Kusini hazijakosa viongozi wakubwa wa elimu. Jackson Makwetta wa Njombe aliongoza Tume ya Rais ya Elimu iliyotoa taarifa yake mwaka 1982. Joseph Mungai wa Mufindi ndiye aliyekuwa waziri wa elimu MMEM ilipoanza. Walifanya makubwa, na mengine yalipingwa, kama ule uamuzi wa wakati wa Mungai wa kuunganisha Fizikia na Kemia kuwa somo moja, ambao uliondolewa baada ya yeye kutoka wizarani. Nawataja kwa sababu uamuzi wa waziri, uwe mzuri au mbaya, huishia kwenye meza ya mkuu wa shule. Ratiba ni yeye, vitabu ni yeye, kumweleza mzazi ni yeye. Kumwacha mtu huyo bila maandalizi ni kuiacha sera nzima bila mtu wa kuibeba.

Sasa kifanyike nini? Makabidhiano yapewe wiki nzima. Anayetoka asiruhusiwe kuripoti kituo kipya mpaka madeni yameandikwa kwa majina na kiasi, stoo imehesabiwa, na mtu wa fedha kutoka halmashauri ameweka sahihi ya tatu. Hilo halihitaji bajeti, linahitaji mkurugenzi mmoja aamue. Pili, mwalimu mkuu msaidizi aache kuwa mtu wa kushika zamu tu mkuu akisafiri. Ajifunze kuandaa hati ya malipo, aongoze kikao cha kamati, aende wilayani na mkuu wake. Tuna ADEM, wakala wa mafunzo ya uongozi wa elimu, makao yake makuu Bagamoyo na kampasi hapa karibu, Mbeya. Mwalimu apelekwe huko kabla ya kupewa shule. Nimewaona wengi wakipelekwa wakati hoja za ukaguzi zimeshawafunika, na mafunzo yanakuwa kama ya kuwafariji. Na kwa kila kata, tafadhali, awepo mhasibu msaidizi mmoja wa kuzungukia shule zote. Mwalimu wa Historia hakusomea vitabu vya fedha.

Ninaloliamini kuliko yote ni mlezi. Kila mwalimu mkuu mpya apewe mtu mmoja aliyewahi kuongoza shule, asiyekuwa bosi wake, ambaye anaweza kumpigia saa tatu usiku akamuuliza neno bila kuogopa kwamba litaandikwa kwenye faili. Mratibu hawezi kuwa mtu huyo, kwa sababu mratibu ndiye anayemtathmini. Nilipokuwa kwenye kiti hicho niliona walimu wakinificha matatizo mpaka yameiva, wala sikuwalaumu.

Wastaafu tuko wengi huku, tunalima viazi na kupanda miti, na akili zetu bado zinakumbuka shule. Katika tarafa yetu tumeshazungumza, wanawake na wanaume, na tumekubaliana kugawana shule ambazo zina wakuu wapya. Hatujaomba posho. Tunaomba barua ya mkurugenzi ya kututambulisha shuleni, na nauli ya bodaboda kwa wale wa vijiji vya mbali. Uteuzi mwingine ukitoka Januari, tungependa tuwe na hao walimu siku ileile ya makabidhiano, tuhesabu nao madawati na tujaribu kila ufunguo kabla hawajasaini.

Mwalimu mstaafu,
Mafinga, Iringa