Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Pesa za Umma Zilipie Mpango wa Kawi Jangwani?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kandokando ya jangwa la Chalbi, Kaunti ya Marsabit. Tuliitwa barazani tukaelezwa kwamba kaunti inataka kutenga pesa za kuandaa mpango wa kawi jadidifu, yaani kawi isiyokwisha kama ya jua na upepo. Wazee waliuliza, nami nauliza pamoja nao: kwa nini tulipie karatasi ilhali kisima na zahanati hazina paneli za sola? Na pesa hizo zinatoka wapi?

JIBU: Mwalimu, wazee wana haki ya kuuliza, maana kaskazini mwa Kenya kumeona karatasi nyingi. Hata hivyo, mpango huu si hiari ya gavana. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Kawi ya 2019 kinaitaka kila serikali ya kaunti iandae mpango wake na kuuwasilisha kwa Waziri wa Kawi, naye huijumuisha yote katika mpango mmoja wa kitaifa. Kaunti isiyopeleka chochote hupangiwa na wengine.

Na Marsabit yajua maana ya kupangiwa. Mradi wa umeme wa upepo wa Loiyangalani, ulioko ndani ya kaunti hii, una mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310, na umeme wake husafirishwa zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, huku mji wa Marsabit wenyewe ukiwa umetegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi. Mitambo ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini kwa kuwa laini ya kusafirishia umeme ilichelewa, haikuunganishwa na gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa, hadi Septemba 2018, na fidia ya kuchelewa huko ikabebwa na umma. Kisha Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Meru ikaamua kwamba hatimiliki za ardhi ya mradi, takriban ekari 150,000, hazikupatikana kwa kufuata sheria. Laini, ardhi na wenyeji wa ardhi: haya yote ni mambo ya kupangwa kabla ya nguzo ya kwanza kusimikwa, na ni nafuu zaidi kuyalipia wakati huo.

Mpango wa maana jangwani hauanzi na idadi ya paneli. Huanza kwa kujua mifugo hunywa maji wapi wakati wa kiangazi na manyatta huhamia wapi mvua inaponyesha, ili gridi ndogo isijengwe mahali ambapo watu wanakaa miezi minne tu kwa mwaka. Huonyesha kisima kipi kirefu kinastahili pampu ya sola na zahanati ipi inahitaji jokofu la chanjo, na hutaja ni nani atakayepangusa vumbi la Chalbi kwenye paneli na betri zitabadilishwa kwa pesa gani zikishachoshwa na joto. Paneli zilizofungwa bila majibu hayo, mwalimu, bila shaka umewahi kuziona: zipo juu ya paa, taa hazipo.

Kuhusu pesa, sheria imeamuru mpango lakini haikuutengea fungu lake maalumu. Hivyo chanzo cha kawaida ni mgao wa kaunti kutoka mapato ya taifa, yaani fedha ambazo pia hulipa mishahara na kujenga barabara. Ipo pia Hazina ya Usawazishaji chini ya Kifungu cha 204 cha Katiba, ambayo hupata nusu asilimia ya mapato yote ya taifa ili kupeleka maji, barabara, huduma za afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa. Kwa maoni yetu, hiyo itunzwe kwa ujenzi wenyewe, isitumike kuwalipa washauri. Nayo imewekewa ukomo wa miaka 20 tangu Katiba ianze kutumika mwaka 2010, isipokuwa Bunge liurefushe muda huo. Zaidi ya hapo kumekuwa na mradi wa sola nje ya gridi katika kaunti 14, Marsabit ikiwemo, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 150 mwaka 2017. Huo ni mkopo, kwa hiyo nao ni pesa ya umma, ila italipwa baadaye.

Basi msiukatae mpango, ukagueni. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1 na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kabla ya tarehe hizo, mwombeni mwakilishi wenu wa wadi awaonyeshe kiasi kilichotengwa kwa safari na warsha, na kiasi kilichotengwa kwa kazi ya nyanjani ya kupima visima, upepo na mahitaji ya vijiji. Fungu la kwanza likizidi la pili, wazee wana hoja ya kuipeleka bungeni kwa maandishi, nawe ndiwe wa kuwaandikia.